Mdogo wangu asema babetu hayuko motoni, yuko "gerezani" na huenda akatoka. Hawa Watakatifu wa Siku za Mwisho wafundisha nini hasa kuhusu adhabu ya wafu?

mtoto_wa_rabai (mwenye uzi)

Hamjambo wenzangu. Naomba mapema: uzi huu si wa kurushiana aya mpaka alfajiri. Nina jambo la nyumbani, na nimelisomea miezi miwili.

Babangu alitutoka mwaka jana. Waliomjua pale Mikindani wamjua: kuli wa Kilindini miaka 31, jioni mangweni, kanisani haonekani ila harusini na mazikoni. Kwetu ni Rabai, kule mmisionari Krapf alikofungua misheni mwaka 1846, na ukoo mzima ni Waanglikana. Yeye alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemvuta ibadani: "Mimi walinitia maji nikiwa mchanga, sikuulizwa. Siku nitakayoulizwa nitajibu." Lakini watoto watatu wa jirani aliyekufa aliwalipia karo mpaka kidato cha nne, na hilo sisi wenyewe tulilijua matangani, waliposimama mbele ya watu wakasema.

Siku ya kuzika, mhubiri mmoja aliyekuja na jamaa za shangazi alipewa dakika 5 akachukua 40. Akasema wafao bila kuokoka hawana la kuombewa, na kwamba hapa sisi twangoja wali, mtu wetu huko aomba tone la maji. Mamangu alivuta leso akajifunika uso. Yule bwana sijamsamehe.

Sasa, mdogo wangu ni muumini wa kanisa tuliitalo la Wamormoni. Aliingia kupitia wale vijana watembeao wawili wawili, shati jeupe na kibao cheusi kifuani. (Kijana wa miaka 19, ndevu hazijaota, aitwa "Mzee" fulani. Mombasa hii! Lakini ndicho cheo chao.) Usiku ule alimwambia mama: baba hayuko motoni. Hakuna aliyefika mahali pake pa mwisho bado. Roho yake iko katika ulimwengu wa roho, ama peponi ama gerezani, na huko kunahubiriwa. Akasema ataenda hekalu lao la Nairobi, lile lililowekwa wakfu Mei 2025, abatizwe kwa niaba yake. Kuna sharti moja tu: maadamu baba hajatimiza miaka 110 tangu kuzaliwa, ruhusa lazima itoke kwa jamaa wa karibu aliye hai, na wa kwanza ni mjane wake.

Mama hakujibu. Kesho yake akaniuliza mimi, "We uliyesoma, haya ni kweli au ni ya kunifuta machozi?"

Nikaomba vitabu. Nitasema nilivyoelewa, na mwenye kujua anirekebishe.

Kwao kufa si kuingia hukumuni moja kwa moja. Katika Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu kando ya Biblia, Alma sura ya 40, Alma anamfundisha mwanawe kwamba roho za wema hupokewa mahali pa pumziko, na roho za waovu hukaa gizani kwa hofu, wakingoja. Hapo pa waovu ndipo waitapo gereza la roho, na hiyo ndiyo jehanamu yao kwa maana ya kawaida. Kisha ufufuo, na wote wafufuka, mwema na mbaya. Kisha hukumu. Baada ya hukumu hakuna mafungu mawili, kondoo na mbuzi basi. Kuna falme tatu za utukufu: selestia kama jua, terestria kama mwezi, telestia kama nyota. Wamelitoa kwa Joseph Smith, mwanzilishi wao, na mwenzake Sidney Rigdon, waliosema waliona maono Februari 16, 1832, katika mji wa Hiram, Ohio. Liko kwenye Mafundisho na Maagano, kitabu chao cha mafunuo, sehemu ya 76, nao huliunga na maneno ya Paulo ya 1 Wakorintho 15 juu ya fahari ya jua, ya mwezi na ya nyota.

Lililonishangaza ni nani akaa wapi. Ile telestia, ya chini kabisa, ndiyo ya waongo, wazinzi na wachawi waliokataa kutubu. Hao kwanza huionja jehanamu, hawatoki mpaka miaka 1,000 ya utawala wa Kristo iishe, lakini mwisho hutoka. Na utukufu wanaoupata, sehemu ile ile yasema, wapita akili zote za mwanadamu. Terestria ni ya "watu wa heshima wa dunia" waliopofushwa na hila za wanadamu. Mdogo wangu amsoma baba hapo.

Wasiotoka kabisa ni wachache mno, waitwao wana wa upotevu: waliomjua Mungu kwa Roho Mtakatifu, wakawa na hakika kama mtu alionaye jua, kisha wakamgeukia kuwa adui. Hao wafufuka, lakini huenda giza la nje. Kuli wa Mikindani hata akitaka, kufika huko hana nauli.

Swali langu: hii ni rehema, au ni dini iliyokata kucha zake?

---

feri_ya_asubuhi

Kwa hivyo mbinguni ni kama treni ya zamani ya Nairobi, daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mimi hata la tatu nitashukuru, bora isiwe feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni.

Pole kwa msiba ndugu.

---

baraza_kibokoni

Pole sana. Mwenyezi Mungu ampe mamako subira. Huyo wa dakika 40 hakufanya vyema. Maiti asemwa kwa uzuri.

Kwetu Waislamu kipande cha kwanza si kigeni. Baina ya kufa na Kiyama kuna barzakhi, na kaburi la mtu ama ni bustani ama ni shimo. Pepo ina daraja, moto una tabaka. Na wanazuoni wetu wasema Muislamu mwenye madhambi akiingia motoni huadhibiwa kwa kadiri yake kisha hutolewa. Kwa hivyo adhabu yenye mwisho si neno la kunitoa barazani.

Lakini mbili zanikwama. Ya kwanza: sisi twamsomea maiti hitima, twamtolea sadaka, twamuombea. Haya ni ya kumzidishia mtu alichoondoka nacho. Kumtilia imani ambayo hakuwa nayo, hilo hapana, mlango ulifungwa roho ilipofika kooni. Ya pili: ikiwa muongo na mzinzi mwisho wake ni utukufu upitao akili, nani ataogopa? Watoto wa hapa mtaani ukiwaambia mtihani hauna kufeli, daftari wataliuza.

Haya si ya ubishi, nauliza kweli. Mwenye kanisa lake na aje.

---

dada_wa_nyali

Mwenye kanisa ndiye mimi, miaka 9 sasa. Mtoto_wa_rabai umesoma vizuri kuliko baadhi yetu. Ombi dogo tu: tangu 2018 rais wetu wa wakati huo, Russell M. Nelson, alituhimiza tutumie jina zima, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ni refu, najua, makanga hawangoji ulimalize.

Shekhe wa Kibokoni, swali lako la woga ni la haki, na hata watu wa mwanzo walijikwaa hapo hapo. Sehemu ya 76 ilipotoka, washiriki wengi waliikataa maana walilelewa kwamba ni pepo ama moto. Brigham Young, aliyekuja kuongoza kanisa, alikiri kwamba ilipingana na yote aliyofunzwa utotoni, akaiweka kando kwanza mpaka aielewe.

Lakini usidhani hakuna adhabu. Katika Mafundisho na Maagano sehemu ya 19 mna maneno aliyopewa Martin Harris, yule mkulima aliyeweka rehani shamba lake ili Kitabu cha Mormoni kichapwe. Mle Bwana asema "adhabu isiyo na mwisho" haimaanishi adhabu isiyokoma. Asiye na Mwisho ni jina lake, kwa hivyo adhabu isiyo na mwisho ni adhabu yake Yeye. Wengi hushika hapo wakafunga kitabu. Wasome mbele kidogo! Asema asiyetubu itambidi ateseke kama Yeye alivyoteseka, na mateso yale yalimfanya Yeye, mkuu wa wote, atetemeke na kutoka damu katika kila kinyweleo. Ikiwa Yeye alitetemeka, mimi ni nani?

Na si moto wa kuni. Katika Kitabu cha Mormoni, Mfalme Benjamini, Mosia 2, asema hatia ya mtu ni *kama* moto usiozimika. Na Alma, yule yule, aeleza katika sura ya 36 alivyolala siku tatu hawezi kusogea, si kwa kuchomwa, bali kwa kukumbuka. Kila dhambi ilimjia. Alitamani atoweke, roho na mwili, asisimame mbele ya Mungu. Kila aliyewahi kukesha kwa jambo alilomtendea mzazi wake aliyekwisha kufa aijua jehanamu hiyo.

---

neema_changamwe

Poleni wafiwa. Lakini ukweli usemwe. Waebrania 9:27, watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Luka 16, tajiri na Lazaro, katikati kuna shimo kubwa, wa huku hawezi kuvuka kwenda kule. Hakuna darasa la jioni kaburini. Mkimwambia mlevi kwamba akifa atahubiriwa, mwamuua mara mbili.

---

dada_wa_nyali

Dada Neema, hilo shimo twalisoma pia. Twaamini lilikuwapo mpaka Kristo alipokufa, na Yeye ndiye aliyeweka daraja. 1 Petro 3:19: "aliwaendea roho waliokaa kifungoni, akawahubiri." Rais wetu wa wakati ule, Joseph F. Smith (si yule mwanzilishi), alilitafakari fungu hilo Oktoba 3, 1918. Tazama mwaka wenyewe: vita vya dunia havijaisha, ile homa kuu yaua watu, na mwanawe mkubwa alimzika Januari ile ile. Aliona kwamba Kristo hakwenda kwa waovu mwenyewe, aliwatuma wema waliokufa wawaendee. Mwezi uliofuata naye akafa.

Kuhusu kuahirisha toba uko sawa kabisa, na kitabu chetu kiko upande wako. Alma 34 yasema maisha haya ndiyo wakati wa kujitayarisha, na roho uliyo nayo ukitoka mwilini ndiyo utakayokuwa nayo kule. Sehemu ya 76 nayo yasema waliokataa ushuhuda wakiwa hai kisha wakaupokea baada ya kufa, fungu lao ni terestria, si selestia. Kwa hivyo mlevi asikae akasema nitasomea huko.

---

mtoto_wa_rabai

Dada wa Nyali, hapo umenigusa pabaya. Maana baba *aliwaona* wale vijana. Walikuja nyumbani mara ya kwanza kumtafuta mdogo wangu. Baba akawakaribisha kibarazani, akawatolea mnazi. Wakasema wao hawanywi. Akamwambia mama alete chai. Wakasema chai pia hapana. Akaagiza kahawa chungu kwa muuza kahawa apitaye. Hapana! Mzee wangu akaweka kata chini: "Basi na mimi sitaki chenu. Mgeni hawezi kukataa vyote vya mwenyeji kisha akataka kusikilizwa."

Sasa huyo alisikia akakataa, au hakusikia?

---

feri_ya_asubuhi

Mzee alikuwa na hoja 😂 Maji ya madafu je? Mngewapa madafu.

---

dada_wa_nyali

😂 Madafu twanywa! Neno la Hekima lakataza chai, kahawa, pombe na tumbaku. Madafu hayakutajwa, namshukuru Mungu kila siku.

Ndugu, mimi siwezi kukujibu kama babako alisikia, na mdogo wako naye hawezi, hata akikariri vitabu vyetu vitakatifu vyote vinne. Kuna sehemu ya 137 yasema wote waliokufa bila kuijua injili, ambao wangeipokea kama wangeachwa wakae, ni warithi wa selestia, kwa kuwa Bwana huhukumu kwa matendo na kwa *tamaa ya mioyo*. Kusikia sauti za vijana wawili wageni wakikataa chai yako si lazima kuwe ndiko kuisikia injili. Hiyo ni rai yangu mimi, usimnukulie askofu.

Sehemu hiyo hiyo yasema watoto wafao kabla ya umri wa kuwajibika, ambao kwetu ni miaka 8, wote wameokolewa katika selestia. Nilizika wa miaka 4. Ndipo nilipoanza kusoma.

---

mwana_wa_makupa

Mkatoliki hapa. Msichanganye gereza hili na toharani yetu. Toharani ni ya waliokufa katika neema ya Mungu na bado wana cha kusafishwa. Aliyemo amekwisha kuokoka, ni muda tu. Hili lao laingiza hata asiyeamini, kisha lampa nafasi. Mbali sana.

---

mkaya_asilia

Nimewasoma kimya, sasa nacheka. Babu zetu walimwaga tembo la mnazi chini kuwaita koma, roho za wahenga, wakaambiwa ni ushenzi, wafu hawana habari na walio hai. Wazee wa Gohu, kile chama cha heshima cha Wagiriama, walichongewa vigango, nguzo za mbao, wakifa, ili roho ikae karibu na watu wake. Vikaibwa, vikauzwa, vikasimamishwa kwenye makumbusho ya Marekani. Leo yatoka Marekani mafundisho kwamba maiti amngoja mtu wa nyumbani amfanyie jambo. Karibuni. Twawajua.

---

baraza_kibokoni

Mkaya, umetuua. 😄

Mtoto_wa_rabai, nami nina la pembeni. Huyo Joseph Smith aliuawa gerezani Illinois mwezi wa Juni 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, hapa Mombasa, Krapf alimzika mkewe Rosine, na kaburi lipo mpaka leo kule Nyali. Dini mbili zilizoifikia nyumba yenu zilikuwa zikizika majira yale yale.

Dada, umenijibu la woga na nimelipokea. La mlango kufungwa bado nakataa, na nitakataa. Tubakie majirani.

---

mtoto_wa_rabai

Wenzangu, nimerudi. Jana usiku nimelikuta lililoninyamazisha.

Joseph Smith alikuwa na kaka, Alvin, aliyemtangulia kuzaliwa na aliyependwa na nyumba nzima. Alikufa Novemba 1823, miaka 25, kabla kanisa lao halijakuwapo. Lenyewe lilianzishwa Aprili 6, 1830. Mdogo wao, William, alikuja kusimulia uzeeni kwamba mhubiri aliyesimamia mazishi aligusia waziwazi kuwa Alvin amekwenda jehanamu, kwa kuwa hakuwa mshirika wa kanisa. Baba mtu, asema, hakulipenda.

Nilisoma mara tatu. Ni leso ya mamangu ile.

Miaka 12 baadaye, Januari 1836, Joseph asema aliona selestia, na ndani yake Alvin. Akashangaa: huyu hakubatizwa, amefikaje? Jibu ndilo hilo la sehemu ya 137 alilolitaja dada. Agosti 1840, akihubiri kwenye mazishi ya mtu mwingine huko Nauvoo, ndipo akatangaza kwamba walio hai waweza kubatizwa kwa ajili ya wafu, kama Paulo alivyogusia katika 1 Wakorintho 15:29. Watu wakaanza kuingia mtoni Mississippi. Mmoja wa wa mwanzo kabisa alikuwa mama aliyebatizwa kwa ajili ya mwanawe. Na Hyrum, ndugu mwingine wa Joseph, akabatizwa kwa ajili ya Alvin, kaka yao.

Sasa mimi si mshirika wao na sioni kama nitakuwa. Hizo falme tatu sijui kama zipo. Kuna mambo ya kanisa hilo bado yanikera, mfano kwamba mpaka Juni 1978 mtu mweusi hakupewa ukuhani wala kuingia hekaluni kwa ibada zake kuu. Babangu akiwa kijana pale bandarini, mlango huo ulikuwa umefungwa kwa rangi yake, na sasa waufungua akiwa maiti. Nilimwambia mdogo wangu hivyo, akanyamaza, kisha akasema, "Hilo laniuma hata mimi."

Lakini nimeelewa fundisho lenyewe lilizaliwa wapi. Lilitokea kaburini, kwa watu waliosikia wafu wao wakihukumiwa na mtu asiyewajua.

---

neema_changamwe

Ndugu, sikubaliani na mafundisho hayo na sitakubali. Lakini mhubiri kusema vile mbele ya mjane, kwa hilo nawaomba radhi kwa niaba ya walokole wote. Msalimie mama.

---

dada_wa_nyali

Na la 1978 sina cha kulitetea. Nami ni mweusi.

Ila usimwambie mama kwamba ubatizo ule ndio utakaomwokoa mumewe. Mdogo wako atashuka kwenye birika lililobebwa na sanamu za ng'ombe 12, jina litatajwa, atazamishwa, basi. Kule ng'ambo babako ataambiwa limefanyika. Akitaka alipokee, asipotaka alikatae. Hakuna roho iandikwayo kanisani kwa nguvu.

---

mtoto_wa_rabai

Mrejesho, maana wengi mmeniuliza faraghani.

Jumapili nilikaa na mama, yeye akikuna nazi. Nikamweleza yote kwa Kirabai, selestia na telestia nikaziita jua na nyota. Alisikiliza mpaka nilipofika hapo pa dada wa Nyali. Akasimamisha mbuzi ya nazi.

"Ngoja. Yuaweza kukataa?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo wasemavyo.

"Kwa hivyo safari hii ataulizwa."

Nikamwambia ndiyo, ataulizwa.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mimi sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Akasema, "Basi mwambie nduguyo aende. Babenu namjua mimi. Atawakalisha kwanza kibarazani."

Ruhusa ameitoa. Mdogo wangu aondoka Ijumaa. Mama amemfungia mahamri na chupa ya maji ya ukwaju, baada ya kumuuliza mara mbili kama ukwaju nao wakatazwa.

---

feri_ya_asubuhi

Treni apanda behewa gani?

---

mtoto_wa_rabai

La bei ndogo. Yeye ni mtoto wa kuli.